+8 kwenye ripoti ya uloto na imatinibu haifui dafu: kromosomu ndiyo chanzo cha usugu au ni dalili tu?

Mto_Bubu

Wakuu, habari za muda huu.

Naandaa somo la usugu wa dawa za saratani kwa wanafunzi wa maabara hapa Dodoma, na kuna pengo nashindwa kuliziba. Vitabu vinaeleza kwamba kromosomu za seli za uvimbe zimevurugika: zimezidi, zimepungua, zimekatika na kuungwa pasipohusika. Ukurasa unaofuata, uvimbe tayari hausikii dawa. Namna jambo la kwanza linavyozaa la pili haielezwi, unaachiwa uamini tu.

Nimetunga mfano wa kufundishia. Mtu mzima mwenye CML (saratani ya damu inayoanzia kwenye uloto), imatinibu miligramu 400 kwa siku, mwezi wa sita BCR-ABL1, yaani jeni iliyoungana inayoendesha ugonjwa na ambayo imatinibu inaizuia, iko asilimia 14 kwa kipimo cha kimataifa. Ripoti ya uloto inasomeka hivi:

46,XX,t(9;22)(q34;q11.2)[14]/47,XX,+8,t(9;22)(q34;q11.2)[6]

Yaani seli 14 zina kromosomu 46 na t(9;22), ule mbadilishano wa vipande kati ya kromosomu 9 na 22 unaozaa BCR-ABL1; seli 6 zina hiyohiyo pamoja na kromosomu 8 ya ziada. Nataka kujua mambo matatu. Hiyo kromosomu 8 ya ziada ndiyo inayoizuia imatinibu? Imeletwa na dawa, au ilikuwepo? Na hospitali ya wilaya kama Kondoa au Manyoni, ambako sampuli lazima isafiri, ianze na kipimo gani? Naomba majibu yenye namba, "inategemea" tunazo za kutosha.

---

Zabibu_Kavu

Mkuu, naanza na la pili kwa sababu likieleweka hayo mengine yanalainika.

Imatinibu haitengenezi kromosomu ya ziada. Inaua seli zinazoisikia na kuziachia uwanja zile zisizoisikia. Seli ya kawaida hukosea kugawa kromosomu mara moja hivi katika migawanyiko 100. Kwenye uvimbe wenye kromosomu zinazoyumba, kosa hilo hutokea mara moja katika kila mgawanyiko 1 hadi 5. Uvimbe wa ujazo wa sentimita moja una seli karibu bilioni 1, na CML inapogunduliwa seli zake zinaweza kufika trilioni. CML ya awamu ya mwanzo haiyumbi kama uvimbe wa tishu, lakini kwa wingi huo hata kosa la nadra lina pa kutokea. Kwa hiyo siku kidonge cha kwanza kinamezwa, inawezekana kabisa seli zenye +8 zipo, ila ni chache mno kuonekana. Pia BCR-ABL1 yenyewe huongeza uharibifu wa DNA, kwa hiyo pale dawa inapofanya kazi nusunusu ugonjwa unaendelea kuzalisha aina mpya. Dawa nyingine za saratani ni habari tofauti: zile zinazokata DNA moja kwa moja zinaweza kweli kuleta madhara mapya ya kromosomu. Imatinibu haimo kwenye kundi hilo.

Sasa usugu unatokeaje. Njia iliyo wazi kuliko zote ni kuongeza nakala za jeni ambayo dawa inailenga. Methotreksati hukaba kimeng'enya cha DHFR, ambacho seli inakihitaji ili ipate malighafi ya DNA. Mwaka 1978 kundi la Robert Schimke kule Stanford lilionyesha kwamba seli za panya zilizopandishiwa dozi ya methotreksati kidogo kidogo zilikuwa zimeongeza nakala za jeni ya DHFR mara nyingi mno. Kimeng'enya kinazidi dawa. Dozi iliyokuwa ikitosha sasa inakaba sehemu tu, na seli inaendelea na shughuli zake.

Kwenye hadubini nakala hizo huonekana kwa sura mbili, na hapa wanafunzi wako wasimame. Sura ya kwanza ni eneo refu ndani ya kromosomu lililopokea rangi moja tupu, bila ile michirizi ya kawaida. Sura ya pili ni vidoti vidogo viwili viwili vilivyotapakaa nje ya kromosomu, na havina sentromea. Kisicho na sentromea hakishikwi na nyuzi za mgawanyiko, hivyo seli inapogawanyika vidoti vinaangukia popote: seli binti moja inaondoka na 40, mwenzake na 10. Dawa ikiwepo, yenye 40 ndiyo inayoishi na kuzaa. Ondoa dawa, vidoti havina faida tena, vinapotea kizazi baada ya kizazi na seli zinaanza kuisikia dawa upya. Zile nakala zilizojengeka ndani ya kromosomu zina sentromea, zinagawanywa sawasawa, na usugu wake unabaki hata dawa ikiondolewa. Jeni ni ileile na dawa ni ileile, lakini mwenendo wa ugonjwa unatofautiana kwa sababu ya mahali nakala zinapokaa.

Vipande hivi vya nje vinaweza hata kucheza kinyume. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwenye glioblastoma, saratani ya ubongo, kwamba seli zilizopewa elotinibu, dawa inayoziba kipokezi cha ukuaji EGFR, zilipunguza vipande vyenye EGFR iliyobadilika. Dawa ikakosa pa kushika. Ilipoondolewa, vipande vikarudi.

Njia ya pili ni mchepuko. Saratani ya mapafu yenye EGFR iliyobadilika inazibwa na gefitinibu vizuri tu, kisha baadhi ya seli zinaongeza nakala za MET, jeni ya kipokezi kingine iliyoko 7q31 (mkono mrefu wa kromosomu 7), na MET inapeleka ishara ileile kwa kupitia protini ya ERBB3. Hilo liliripotiwa 2007. EGFR bado imezibwa, dawa inafanya kazi yake, ila barabara ya pili iko wazi.

Ya tatu ni pampu. Jeni ya ABCB1 iko 7q21 na hutengeneza P-gp, protini ya kwenye utando inayotema dawa nje ya seli. Ikiongezeka nakala, seli inakuwa sugu kwa vinkristini, doksorubisini na paklitakseli kwa mpigo, ingawa dawa hizo hazifanani kwa umbo wala kazi. Methotreksati na sisplatini haziguswi na pampu hii. Dawa za kuziba P-gp zilijaribiwa kwa wagonjwa na hazikufika mbali: pampu hiyohiyo iko kwenye ini, figo na utumbo, ukiiziba dawa ya saratani inakaa mwilini muda mrefu na sumu inapanda.

Ya nne ni kupoteza. Mkono mfupi wa kromosomu 17 ukipotea, TP53 inaondoka nao. Tiba nyingi za kemikali huharibu DNA halafu zinategemea seli yenyewe ijiue baada ya kuona uharibifu, na TP53 ndiyo inayotoa amri hiyo. Bila TP53 uharibifu unatokea kama kawaida, kifo hakiji. Ndiyo maana CLL, saratani ya damu ya limfosaiti, ikiwa na upungufu wa 17p (mkono huo mfupi) haiitikii dawa ya fludarabini ipasavyo.

Rudi kwenye +8 yako. Kromosomu 8 ina jeni za protini karibu 700, na MYC, jeni ya kusukuma ukuaji, iko hapo 8q24. Nakala tatu badala ya mbili huenda zinaisukuma seli ikue bila kutegemea sana BCR-ABL1. Lakini +8 haigusi tundu ambalo imatinibu inakaa kwenye ABL1. Anayeziba tundu ni T315I, badiliko dogo ndani ya jeni ya ABL1, na wenzake, na hilo kipimo cha kromosomu hakilioni hata ukihesabu seli 500. Kwa maoni yangu +8 hapa iandikwe hivi: ugonjwa unasonga mbele, chanzo cha usugu bado hakijathibitishwa.

---

Nzuguni_Hema

Zabibu_Kavu amemaliza upande wa seli. Nataka kuvuta breki upande wa mgonjwa, maana kabla hujafika kwenye kromosomu kuna vitu viwili vinavyoiga usugu, na hapa kwetu ni vya kawaida.

Cha kwanza ni vidonge kutomezwa. Hesabu vilivyobaki, angalia tarehe za kuchukua dawa. Imatinibu inamezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Anayeimeza tumbo tupu anatapika, kisha anaruka siku na hasemi.

Cha pili ni rifampisini, dawa ya TB. Imatinibu inavunjwa na kimeng'enya CYP3A4 cha ini, na rifampisini inakichochea kimeng'enya hicho kiasi kwamba imatinibu kwenye damu inashuka kwa takriban robo tatu. Yaani miligramu 400 inabaki na nguvu ya kama 100. Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi 6. Mgonjwa aliyeanza vyote viwili kwa pamoja anaweza kufika mwezi wa sita na asilimia 14 bila seli zake kuwa na usugu wowote. Usimsimamishie dawa za TB! Wala usikimbilie dasatinibu au nilotinibu ukidhani umepona, zote zinapita CYP3A4 na zinashushwa vilevile. Kaeni na kliniki ya TB mjadili rifabutini, ambayo uchochezi wake ni mdogo zaidi. Rifampisini ikishakwisha, ini linachukua kama wiki 2 kurudi kawaida. Fenitoini na kabamazepini za kifafa nazo zina tabia hiyohiyo, na efavirenzi ya VVU pia kwa ambao bado wanaitumia. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo.

Vikiondolewa hivyo viwili ndipo namba zinasemeka. Viwango vya Ulaya vya 2020: BCR-ABL1 isizidi asilimia 10 mwezi wa 3, isizidi 1 mwezi wa 6, isizidi 0.1 mwezi wa 12. Mwezi wa 6 ukiwa kati ya 1 na 10 ni onyo. Ukizidi 10, dawa imeshindwa. Asilimia 14 imeshindwa, hapo hakuna mjadala. Kinachofuata ni kupima mabadiliko ya ABL1 kabla ya kubadili dawa, kwa sababu jibu ndilo linalochagua dawa. T315I inazikataa imatinibu, dasatinibu na nilotinibu zote tatu. Inayofaa ni ponatinibu, au asiminibu kwa dozi kubwa ya miligramu 200 mara mbili kwa siku. Mjue pia mpaka wa kipimo: usomaji wa DNA kwa njia ya Sanger unaanza kuona badiliko likifika asilimia 15 hadi 20 ya nakala. Majibu yakiwa safi na BCR-ABL1 bado inapanda, rudia baadaye.

+8 haikuchagulii dawa. Inakuambia uharakishe. Iko kwenye orodha ya mabadiliko ya hatari pamoja na Ph ya pili (Ph ni ile kromosomu 22 iliyofupishwa na t(9;22)), i(17q) yaani kromosomu 17 yenye mikono mirefu miwili, +19, upungufu wa kromosomu 7 na mvurugiko wa 3q26.2, kwa sababu yanatangulia awamu ya mlipuko, ugonjwa unapogeuka kuwa mkali. Huyu aanze kuzungumziwa upandikizaji uloto mapema, asisubiri dawa ya tatu ishindwe.

Sasa mtego, Mto_Bubu, huu uuweke kwenye mtihani. Linganisha ripoti yako na hii:

46,XX,t(9;22)(q34;q11.2)[9]/47,XX,+8[4]/46,XX[7]

Na hii ina +8. Lakini soma sehemu ya katikati: seli zenye +8 hazina t(9;22). Hizo si seli za CML. Ni seli nyingine za uloto ambazo zimejitokeza baada ya dawa kuifyeka CML, na mara nyingi huja na kuondoka zenyewe bila madhara. Kupoteza Y kwa wanaume wanaotumia imatinibu kuna hadithi hiyohiyo. Ninayoiogopa kwenye kundi hili ni -7, hiyo ifuatiliwe kwa uloto na hesabu ya damu. Daktari akisoma "+8" kwenye muhtasari tu bila kufungua mabano, atambadilishia dawa mtu ambaye dawa inamsaidia.

---

Mto_Bubu

Asanteni sana, hiyo ya sehemu ya katikati sikuwa nimeifikiria kabisa, inaingia kwenye mtihani leo.

Swali la nyongeza kwa watu wa benchi. Seli 20 zinatosha kuamini kwamba hakuna kundi sugu? Na mbona kiangazi metafezi (kromosomu za seli iliyosimamishwa katikati ya mgawanyiko) zinakuwa zimekunjamana, kromosomu zimelaliana na zinang'aa, wakati masika hazina shida hiyo? Dawa ni zilezile, mikono ni ileile.

---

Mbuyu_wa_Kongwa

Seli 20 kwanza, ni hesabu tu. Kama kundi lenye kasoro ni asilimia 14 ya seli, uwezekano wa kulikosa lote kwenye seli 20 ni 0.86 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 20 (0.86 kwa kipeo cha 20), yaani karibu 0.05. Kwa hiyo seli 20 safi zinakuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba hakuna kundi linalozidi asilimia 14. Seli 10 zinakupa asilimia 26. Seli 50 zinakupa 6. Kundi sugu la asilimia 1 hulipati kwa kipimo hiki, na ripoti isiyosema hivyo inampotosha daktari. Ukitaka kushuka zaidi tumia FISH, kipimo cha probu zinazong'aa zinaponasa kipande maalumu cha kromosomu, na uhesabu viini 200. Hapo huhitaji metafezi, ila unaona kile tu ulichotafuta: probu ya sentromea ya 8 haitakwambia lolote kuhusu 17p.

Sasa metafezi. Tatizo lako ni hewa. Slaidi inataka unyevu wa hewa kama asilimia 50 na joto la nyuzi 25 hivi. Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu na upepo haukatiki, kwa hiyo tone la fiksativu, kimiminika kinachohifadhi seli, linakauka kabla seli haijatandazika. Kromosomu zinabaki zimebanana ndani ya mabaki ya sitoplazimu, na ndiyo mng'ao unaouona. Masika hewa ina unyevu, linakauka taratibu, zinatandazika. Ukipitiliza unyevu linakuja kosa la pili: kromosomu zinatoroka seli yake na unahesabu 45 au 44 ambazo hazipo. Ndiyo sababu ya kanuni kwamba ongezeko au mvurugiko wa umbo linaitwa kundi likionekana kwenye seli 2, lakini upotevu lazima uonekane kwenye seli 3.

Dawa yake ni rahisi. Weka beseni la maji ya nyuzi 50 hadi 60 kwenye benchi, zima feni, funga dirisha. Pitisha slaidi juu ya mvuke sekunde chache, dondosha tone, ipitishe tena. Dondosha slaidi moja ya majaribio na uitazame kwa lensi ya 10 bila rangi: kromosomu ziwe za kijivu iliyokolea. Zikiwa nyeusi zinazong'aa, ongeza mvuke. Zikiwa zimefifia hazionekani vizuri, punguza. Usiendelee na slaidi zilizobaki mpaka ya kwanza ikae sawa. Kipima unyevu cha ukutani ni rahisi kuliko chupa moja ya kolsemidi (dawa ya kusimamisha mgawanyiko wa seli), kinunuliwe.

Nikitoka hapo, makosa mengi yanaanzia mbali na hadubini.

Mrija. Uloto wa kromosomu unakwenda kwenye mrija wa heparini ya sodiamu, kifuniko cha kijani, mililita 1 hadi 2 za mvuto wa kwanza. Mvuto wa pili na wa tatu huwa umechanganyika na damu nyingi. EDTA ya zambarau inavuta kalsiamu na seli hazikui vizuri, ila ndiyo sahihi kwa PCR ya BCR-ABL1, kipimo kinachohesabu nakala za jeni hiyo. Watu huzibadilisha hizi mbili kila mara. Geuza mrija taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo; ukiganda, seli ulizokuwa unazitaka zimebaki ndani ya bonge.

Safari. Nyuzi 15 hadi 25, ndani ya saa 24, zikizidi 48 matarajio yanaporomoka. Sampuli inayotoka Manyoni au Kondoa kwa basi isikae kwenye dashibodi wala karibu na injini. Tumia boksi la baridi, ila barafu isiguse mrija, ifunge gazeti. Ikiganda kwa baridi, umeua seli na hakuna cha kukuza.

Kukuza. RPMI 1640 yenye seramu ya ndama asilimia 20, mililita 10, seli milioni 1 hadi 2 kwa mililita, nyuzi 37. Chupa mbili, moja saa 24 na nyingine saa 48. Usiweke PHA! PHA inaamsha limfosaiti T za kawaida, nazo zitakupa 46 safi zinazopendeza huku CML ikilala pembeni.

Kuvuna. Kolsemidi mikrogramu 0.1 kwa mililita, dakika 30 hadi 60. Ukiiacha muda mrefu kromosomu zinakuwa fupi nene na michirizi inapotea, hapo hata i(17q) unaipita. Zungusha, mwaga juu, kisha weka kloridi ya potasiamu ya 0.075 M iliyopashwa nyuzi 37, dakika 20. Hiyo ni gramu 5.6 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa (distilled), pima vizuri. Fiksativu ni methanoli sehemu 3 kwa asidi asetiki sehemu 1, itengenezwe siku hiyohiyo. Ya jana imeshavuta maji. Matone ya mwanzo yaingie pole pole huku unatikisa, ukimimina kwa mkupuo seli zinagandana. Badilisha fiksativu mara 3. Slaidi ilale nyuzi 60 usiku mzima, au nyuzi 90 kwa saa moja, ndipo tripsini na Giemsa. Muda wa tripsini ni sekunde, na unabadilika kwa kila kundi la slaidi. Kromosomu zilizovimba na kingo za manyoya zimezidishiwa. Zenye rangi tupu bila michirizi bado.

Punje ya seli iliyobaki usiitupe. Ikikaa kwenye fiksativu kwa nyuzi -20 inadumu miaka, na FISH inaweza kufanyika juu yake hata kama metafezi zilikataa.

---

Swaswa_77

Naona uzi unaelekea kusema kila kasoro ya kromosomu ni usugu. Napinga kidogo.

ALL ya watoto (saratani kali ya damu ya limfosaiti) yenye kromosomu 51 hadi 65 ni kati ya zinazotibika vizuri kuliko zote. Kromosomu 21 za ziada ni za kawaida mno humo, na jeni ya SLC19A1 iko 21q22.3. Hiyo ndiyo mlango unaoingiza methotreksati ndani ya seli. Nakala nyingi, milango mingi, dawa inajikusanya zaidi ndani ya seli za saratani. Ukiweka hilo kando ya mfano wa DHFR somo lako limekamilika: dawa moja, ongezeko la jeni moja linaleta usugu na la nyingine linaleta usikivu.

Ila hapo napo kuna mtego. ALL yenye kromosomu chache, chini ya 44, ni mbaya, na baadhi yake hujizidisha mara mbili zima zima. Ukihesabu unapata 50 na kitu, unafurahi kwamba ni lile kundi zuri. Angalia zipi zimeongezeka. Kundi zuri kweli huwa na nakala tatu tatu za X, 4, 6, 10, 14, 17, 18, na 21 mara nyingi nne. Lililojificha lina nakala nne kwa baadhi na mbili kwa nyingine zote, na nakala tatu ni nadra. Mtoto huyo anahitaji tiba nzito, na hesabu ya jumla peke yake ingemnyima.

Kwa tishu ngumu naongeza mawili. Saratani ya tezi dume iliyorudi baada ya kuondolewa korodani au sindano za kuzuia homoni: karibu theluthi moja zina nakala zilizoongezeka za kipokezi cha androjeni, Xq12, na kabla ya tiba hiyo hali hiyo ni nadra kuikuta. Seli inanasa homoni kidogo iliyobaki. Kwa hiyo kipande cha nyama kilichochukuliwa siku ya kwanza hakijibu swali la usugu wa leo, chukua kipya.

Kwenye saratani ya titi, jeni ya HER2, iliyoko kromosomu 17, kwa FISH inasomwa kama uwiano na sentromea ya 17: uwiano wa 2.0 kwenda juu na wastani wa nakala 4.0 kwenda juu, ni chanya. Nakala zikiwa 6 au zaidi lakini uwiano chini ya 2.0, rudi kwenye kipimo cha protini kabla ya kutoa neno. Na formalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, saa 6 hadi 72. Kipande kilichoachwa Ijumaa mchana kikatolewa Jumanne asubuhi kimeshapita, ishara za FISH zitafifia na utaandika hasi isiyo kweli.

Jambo la mwisho, Zabibu_Kavu alivyoeleza vidoti kupotea dawa ikiondolewa, asitokee mtu akampumzisha mgonjwa wa CML imatinibu ili "seli zisikie tena". Usugu wa T315I haupo kwenye vidoti.

---

Mto_Bubu

Nimewasoma wote. Hapo kwa Swaswa kuhusu kromosomu zilizojizidisha nitatengeneza zoezi.

Moja tu limebaki. Mgonjwa akikataa kuchomwa uloto, damu ya mkononi inafaa?

---

Nzuguni_Hema

Kwa PCR ya BCR-ABL1 inafaa kabisa na ndiyo inayotumika, mililita 4 kwenye EDTA. Zipo katriji za BCR-ABL zinazotumia mashine ya GeneXpert, aina ileile inayopima TB, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Ila katriji ya kawaida inapima aina moja ya BCR-ABL1, p210, peke yake, na haioni T315I wala +8. Kupima mabadiliko ya ABL1 nako damu inatosha.

Kwa kromosomu, damu inakubali pale tu seli changa zinapozunguka kwa wingi, yaani siku ya utambuzi seli nyeupe zikiwa juu sana, au ugonjwa ukilipuka. Huyu wa mwezi wa sita hesabu yake ya damu huenda imesharudi kawaida, seli zinazogawanyika hazipo kwenye mkono wake. Mwelezeni ganzi, mchukue uloto.

Na kwenye fomu ya maombi msiandike "CML" pekee. Andikeni dawa na dozi, miezi aliyotumia, BCR-ABL1 ya mwisho na tarehe yake, na rifampisini ndiyo au hapana.